Waziri na Kitunguu Saumu

Mimi ni muuguzi mstaafu wa Tanga, na kitunguu saumu kimenilea. Kikohozi tulitibiwa kwa saumu iliyotwangwa ikachanganywa na asali. Sikio likiuma, bibi alipasha mafuta ya nazi pamoja na punje za saumu, akadondosha yakiwa vuguvugu. Sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na kazi kiliyopewa Afrika Kusini.

Agosti 2006, kwenye Mkutano wa Kimataifa wa Ukimwi mjini Toronto, banda la nchi hiyo lilipangwa vitunguu saumu, malimau na bitiruti. Waziri wa Afya, Manto Tshabalala-Msimang, alikuwa amevinadi vyakula hivyo kwa miaka, huku akisema ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, zina sumu. Stephen Lewis, mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa wa masuala ya Ukimwi barani Afrika, aliishambulia serikali ile hadharani. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mama huyu alikuwa daktari hasa. Alisomea udaktari Leningrad, kisha akaja hapa hapa Tanzania kubobea katika uzazi na magonjwa ya wanawake, akamaliza 1972.

Wala saumu si dawa ya kubuni. Imo katika mafunjo ya tiba ya Wamisri ya yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, na mwaka 1944 mkemia Chester Cavallito wa Marekani aliripoti, pamoja na mwenzake, kwamba wameitenga alisini, kemikali yake inayoua bakteria. Alisini haimo kwenye punje nzima. Hutokea punje inapopondwa, na ukiipika nzima nzima hupati kitu. Bibi alitwanga kwanza, bila kufundishwa na maabara yoyote. Lakini bakteria wa kwenye kisahani cha maabara ni jambo moja, virusi vya Ukimwi ndani ya damu ya mtu ni jingine kabisa.

Tena mwishoni mwa 2001 watafiti wa serikali ya Marekani walitangaza kwamba watu wenye afya waliomeza vidonge vya saumu kwa wiki tatu walibaki na takribani nusu tu ya kiwango cha sakwinaviri katika damu. Hiyo ilikuwa mojawapo ya ARV. Karibu miaka mitano kabla ya lile banda, basi, ilishajulikana kuwa saumu inaweza kuipunguzia nguvu dawa yenyewe!

Kwetu ARV zilianza kutolewa bure 2004. Wagonjwa waliosikia habari za Afrika Kusini redioni waliniuliza, "Sista, mbona wenzetu wanatumia saumu tu?" Nikawaambia saumu ibaki kwenye mchuzi, vidonge vimezwe kwa saa yake. Mwaka 2008 watafiti wa Harvard walikadiria kuwa zaidi ya watu 330,000 walipoteza maisha Afrika Kusini kwa kucheleweshewa dawa. Waziri aliondolewa wizarani Septemba mwaka huo huo.

Saumu nyingi pia huifanya damu ichelewe kuganda. Mwaka 1990 madaktari wa Marekani waliandika habari za mzee wa miaka 87 aliyevuja damu ndani ya uti wa mgongo. Alikuwa akila punje kadhaa kila siku. Kwa hiyo kabla ya upasuaji nilimuuliza kila mgonjwa kuhusu vidonge vya saumu, nikamtaka aviache wiki nzima. Ya kwenye pilau sikuiuliza.