Mvuke, Ng'ombe na Mitungi ya Maji: Matrekta Yaliyopita Katanga Mwaka 1915

Ukitoka katikati ya Lubumbashi kuelekea Ruashi, unakanyaga ardhi iliyofukuliwa kwa zaidi ya miaka 100. Upande huo ndiko uliko mgodi wa Étoile, Kalukuluku kwa jina la wenyeji, mgodi wa kwanza kuchimbwa na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906. Mukuba, kama shaba inavyoitwa huku, ulikuwa tele. Shida ilikuwa njia. Bahari iko mbali kila upande, na mitambo ya kuyeyushia mawe haibebeki kichwani.

Reli iliyopanda kutoka Rhodesia ilifika Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, mwishoni mwa Septemba 1910. Mwaka uliofuata tanuru la mji huo lilimwaga shaba yake ya kwanza, iliyotoka Kalukuluku, na makaa ya kuwashia yaliletwa na treni kutoka Wankie, huko Rhodesia. Mji huu, basi, umezaliwa na mvuke. Kiswahili nacho kimeitunza habari hiyo: watu wanapanda treni za dizeli na za umeme, lakini wengi bado wanasema gari la moshi.

Kwingineko mashine za namna hii zina sherehe zake. Huko Dorset, kusini mwa Uingereza, mwaka 1969 yalianza maonyesho ya mashine za mvuke ambayo yalikuja kuvuta umati wa watu kutoka nchi nyingi. Wageni walilipa kiingilio ili kutazama matrekta ya zamani yakipuliza moshi, na kando yake farasi wakubwa wa kazi wakivuta majembe na magogo. Farasi wa aina ya Shire akikomaa anaweza kukaribia uzito wa tani moja. Kabla ya mashine, ndiye aliyebeba uchumi wa mashamba na barabara za nchi ile, na wenyewe hawajamsahau.

Katanga haikuwa na farasi wa namna hiyo. Sababu ni ndorobo. Mwaka 1895 daktari David Bruce, akiwa Zululand, alionyesha kwamba inzi huyu ndiye anayeeneza nagana, ugonjwa unaokondesha farasi na ng'ombe hadi wanakufa. Katika nchi ya miombo yenye ndorobo, mnyama wa kuvuta mzigo alikuwa na siku za kuhesabu. Ndiyo maana kazi iliyofanywa na farasi Ulaya, huku ilifanywa na mpagazi: mzigo wa kilo 30 hivi, begani au kichwani, wiki baada ya wiki. Njia za wapagazi hao ndizo zilizofika Bunkeya, kwa Mwami Msiri, karne ya 19, na ndizo zilizosaidia kukileta Kiswahili hadi huku.

Kwa hiyo kisa kinachostahili kusimuliwa kuliko vyote katika historia ya mvuke Katanga ni kile ambamo mashine, ng'ombe na wapagazi walifungwa kwenye kazi moja.

Ilikuwa 1915, Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani walilitawala Ziwa Tanganyika kwa meli zao zenye mizinga, na Wabelgiji wa upande wa Kongo hawakuwa na chombo cha kuwakabili. Mwindaji mmoja, John Lee, aliwapelekea wakuu wa jeshi la majini la Uingereza wazo lililoonekana la kichaa: kuchukua mashua mbili za injini kutoka London na kuzipitisha nchi kavu hadi ziwani. Wakalikubali. Uongozi wakampa Geoffrey Spicer-Simson. Yeye alitaka mashua hizo ziitwe Paka na Mbwa. Alipokataliwa, akaziita Mimi na Toutou, majina ambayo Wafaransa huwaita wanyama hao kwa mapenzi. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu akiona mashua ya kivita inayoitwa Mimi.

Kila mashua ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi. Zilisafiri kwa meli hadi Cape Town, zikapakiwa kwenye treni, na mwishoni mwa Julai zikapita Élisabethville. Reli iliyokuwa ikijengwa kuelekea Bukama ilikuwa imeishia Fungurume, na hapo, mwanzoni mwa Agosti, mashua zikashushwa. Mbele yake kulikuwa na zaidi ya kilomita 200 za pori na milima ya Mitumba, hadi Sankisia, ambako kipande kingine cha reli kilisubiri.

Msafara uliletewa matrekta mawili ya mvuke. Inafaa kulitazama trekta la aina hiyo kwa karibu. Kiwiliwili chake ni pipa refu la chuma, nalo ndilo boila. Nyuma kuna chumba cha moto kinacholishwa kuni. Moshi wa moto hupita katika mabomba membamba yaliyozungukwa na maji, kisha hutoka kwenye dohani mbele. Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600, na yakinyimwa nafasi hiyo yanasukuma pistoni. Pistoni inazungusha mhimili wenye gurudumu zito ubavuni, na mhimili huo unaendesha meno yanayozungusha magurudumu ya chuma ya nyuma. Dereva ana jicho moja barabarani na jingine kwenye kioo kinachoonyesha kina cha maji. Maji yakishuka chini ya paa la chumba cha moto, chuma kinaungua na boila linaweza kupasuka. Kwa ajili hiyo mafundi huweka pale kizibo chenye risasi, madini laini yanayoyeyuka mapema na kuumwaga mvuke juu ya moto.

Kwa maneno mengine, mashine hii ina kiu kuliko ng'ombe. Na safari ile ilifanyika wakati wa kiangazi, mito midogo ikiwa imekauka.

Mamia ya Waafrika waliajiriwa kufyeka njia, kukata miti na kujenga madaraja. Madaraja hayo yalizidi 100, yote ya magogo, na mengine yalilegea chini ya uzito wa trekta kabla mashua haijavuka. Penye mteremko mkali matrekta yalishindwa, na hapo ng'ombe waliswagwa kuja kuvuta. Kamba zilizungushwa kwenye mashina ya miti ili mzigo usiporomoke. Mashua ikapandishwa hatua kwa hatua, kisha kazi ile ile ikarudiwa kwa mashua ya pili. Maji yalipokwisha, wanawake wa vijiji vya jirani walikuja na mitungi vichwani, wakatembea masafa marefu ili boila zinywe. Vitabu vya Kiingereza vimejaa majina ya maofisa wa safari ile. Majina ya wanawake hao hayamo, wakati bila mitungi yao matrekta yangebaki porini kama magogo. Hilo ni pengo kubwa katika historia ya Katanga, na linauma.

Mwishoni mwa Septemba msafara ulifika Sankisia, na treni ikazipeleka mashua hadi Bukama. Kutoka Bukama mashua zilishuka mto Lualaba, ambao maji yake yalikuwa machache kiasi kwamba zilikwama mara kwa mara kwenye mchanga, hadi Kabalo. Kisha zikapanda treni tena hadi ziwani, mahali panapoitwa Kalemie leo. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Februari 9 mwaka uliofuata Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 isije ikatekwa. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Iliendelea kwenda kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ilipofungwa injini za dizeli. Wakazi wa Kigoma na Kalemie hawahitaji kuelezwa habari zake.

Katanga yenyewe iliuacha mvuke taratibu. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na njia ile ya matrekta haikuwa na kazi tena. Mwaka 1952 nyaya za umeme zilianza kutumika kati ya Jadotville, yaani Likasi, na Tenke. Vichwa vya treni vya moshi viliondoka kimoja baada ya kingine, na pamoja navyo zikaondoka kazi za watu: mchochea moto, mjaza maji, fundi wa mabomba ya boila.

Nairobi imefanya jambo la maana. Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa 1971, yanatunza vichwa vya treni vya daraja la 59, majitu ya tani zaidi ya 250 yaliyopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mtoto wa shule anaweza kuingia chumba cha dereva akashika mikono ya chuma kwa mkono wake. Lubumbashi nayo ina hazina ya namna nyingine, yaani kumbukumbu zilizoandikwa. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Élisabethville kwa Kiswahili cha mji huo, kwa macho ya watumishi na vibarua. Tangu mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ambao mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi amekuwa mmoja wa nguzo zake, umekuwa ukikusanya simulizi na vitu vya wakazi wa kawaida.

Kwa hiyo msomaji wa mitaa ya Lubumbashi, iwe Ruashi, Kenya au Kamalondo, kama babu yako alifanya kazi relini au mgodini, waulize waliokaa naye aliitwa nani kazini, alichochea moto wapi, nani alimletea maji. Yaandike kwa Kiswahili hicho hicho mnachozungumza nyumbani. Na kama kuna taa yake ya reli, koleo au kitabu cha kazi kwenye sanduku, usikiuze kama chuma chakavu. Kipeleke Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi.