Tele na Mfuto

Tathmini ni neno la sokoni. Tumelipata kwa Waarabu, katika mzizi uleule uliotupa thamani na kuthamini, na kwao thaman ni bei. Anayetathmini, kwa asili ya neno, anakitia kitu bei. Basi mtumishi wa shirika la misaada akipanda nyanda za Marungu, hapa kwetu Kongo, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, afike Pepa kuuliza kama mpango wa kununua maharage ya wakulima wa huku kwa ajili ya wenye njaa walioko Kalemie umefaulu, neno lenyewe limeshamtia swali la kwanza mdomoni: bei ilikuwa gani?

Swali hilo ni halali, lakini halistahili kutangulia. Kiswahili kina kupima, neno la Kibantu, pana zaidi na lenye subira zaidi. Tunapima unga, shamba, homa, hata maneno ya mzee kabla ya kuyajibu. Pima yenyewe ni kipimo cha mwili: mikono miwili ikinyooshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Napendekeza kazi nzima iitwe upimaji, na tathmini ibaki sehemu yake moja, ile ya fedha.

Mradi nao ni murad ya Kiarabu, yaani kilichotakwa. Bado tunaisikia katika ilimradi. Kuupima mradi, basi, ni kuuliza ulitaka nini. Na miradi hii hutaka mambo mawili yasiyopatana kila siku: mkulima alipwe vizuri, na mwenye njaa ashibe. Mfuko ni mmoja. Bei ya gunia ikipanda, mkulima wa Pepa anafurahi na magunia ya Kalemie yanapungua. Ripoti isiyosema imesimama upande gani inapopima haijapima kitu.

PAM, kama tunavyoliita kwetu Kongo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, lilianza mwaka 2008 kujaribu kununua kwa wakulima wa jembe katika nchi 20, kwa miaka mitano. Kongo ilikuwamo, na Kabalo ilichaguliwa, Kabalo ya jimbo letu la Tanganyika ambalo wakati huo lilikuwa bado ndani ya Katanga. Mwaka 2019 shirika hilo likatoa sera yake ya ununuzi wa ndani na wa kanda.

Ununuzi wa ndani! Ndani ya nini? Kwa hesabu ya mipaka, mchele wa Bumba ni wa ndani na mahindi ya Zambia ni ya nje, ingawa Zambia iko karibu sana na Pepa na Bumba iko upande wa pili wa msitu. Ndani ni neno la afisa wa forodha. Mkulima anajua karibu na mbali, kwa sababu ndiye anayelipia usafiri kutoka mlimani hadi bandari ya Moba, kabla boti haijaondoka kwenda Kalemie. Ununuzi wa karibu ungesema kweli zaidi.

Lakini kuna neno ninalolipenda kuliko yote mawili, nalo tumelidhulumu: kienyeji. Dawa za kienyeji, pombe ya kienyeji, njia za kienyeji. Likitajwa, msikilizaji anaona kitu duni, kisicho cha kisasa. Ni kuku tu aliyelinusuru, maana wa kienyeji huuzwa ghali kuliko wa kisasa na kila mlaji anajua sababu. Rudi kwenye shina: mwenyeji ni mwenye mji, yule aliye na mlango wa kumfungulia mgeni. Kongo hii, wakimbizi wa ndani wengi hulala kwa wenyeji kuliko kambini. Mkulima anayeuza maharage yake huenda ndiye huyohuyo aliyempisha mwenzake chumba. Chakula cha wenyeji: jina hilo linataja asili na ukarimu kwa pumzi moja, na mpimaji akilichukua kwa dhati ataongeza swali lisilokuwamo katika orodha yake. Mwenyeji mwenyewe alibakiwa na nini cha kula baada ya kuuza?

Na jina mkulima mdogo tulitupe. Mdogo kwa nani? Mama wa miaka 60 aliyelima mteremko mzima kwa mkono haitwi mdogo mbele ya wajukuu wake. Mkulima wa jembe linatosha, na linaeleza zana badala ya kumpunguza mtu.

Sasa tuje sokoni, kwenye vipimo. Kwetu, katika iliyokuwa Katanga, nafaka na maharage huuzwa kwa meka, chombo cha kupimia. Mtazame muuzaji. Anachota, anajaza, anakitikisa mara moja ili punje zikae, anaongeza tena mpaka kilima kinasimama juu ya ukingo na punje za kwanza zinaanza kuporomoka. Kisha kiganja kimoja cha mwisho, matabishi, ili mteja arudi kesho.

Wazee wa pwani walikuwa na majina ya mambo haya, walipopima kwa kibaba, na vibaba vinne vikafanya pishi. Kibaba cha tele kina kilima. Kibaba cha mfuto kimefutwa, kimekatwa sawa na ukingo. Maneno mazuri kiasi hiki yamelala katika makamusi bila kazi, na sisi tunahangaika kutafuta istilahi!

Tuyape kazi. Mkulima anapouza, mfuto ndiyo haki yake. Mchuuzi anayepanda mlimani na chombo chake mwenyewe hudai tele kwa bei ya mfuto. Tanzania huita lumbesa gunia la namna hiyo, lililojazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba, na sheria ya vipimo inalikataza. Mizani inayosoma kilo 50 na kukoma hapo inamlinda mtu wa Pepa. Lakini mradi wenyewe upimwe kwa tele. Upimaji wa mfuto unakoma ukingoni: tani ngapi, bei gani, siku ngapi. Upimaji wa tele unaangalia kilima kilichosimama juu: depo iliyobaki na funguo zake zikiwa kwa wanachama, daftari la ushirika lililosomwa mbele ya watu, jina la mwanamke katika orodha ya malipo, mchuuzi aliyelazimika kupandisha bei yake kwa kuwa mnunuzi mwingine ametokea.

Usalama wa chakula unabeba mizigo miwili, na mmoja utaanguka. Kuna kuwa na chakula mwaka mzima, na kuna chakula kisichodhuru. La kwanza tuliite uhakika wa chakula, la pili ndilo usalama. Mashirika yanaponunua mahindi yanadai hilo la pili: kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, tulikoingia mwaka 2022, kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu ipimwe. Sumukuvu! Sumu ya kuvu, ukilisikia mara moja umeelewa hatari na chanzo chake. Aliyeliunda anastahili shukrani zetu.

Neno athari, kinyume chake, hutisha. Athari za ukame, athari za vita. Mwanakijiji akiulizwa athari za mradi anawaza umemdhuru nani. Neno zao ni bora, kutoka kuzaa. Mradi umezaa nini? Wapimaji tayari wamekopa pembejeo kutoka shambani, hivyo wakope na mavuno yake.

Na wale wanaopokea chakula, tunawaitaje? Ripoti zimeandika walengwa. Mlengwa ni aliyelengwa, na kulenga ni kazi ya mshale. Jimbo hili limeona mapigano ya Watwa na Waluba, yaliyopamba moto mwaka 2016, na mishale ilikuwa miongoni mwa silaha. Mtu aliyekimbia mshale akafika Kalemie, tunamwandika katika orodha ya waliolengwa. Neno hili liondoke.

Wanufaika nalo linahukumu kabla ya kupima, kana kwamba faida imeshathibitika. Mimi nachagua mlaji. Najua siasa imelichafua neno ulaji, lakini ni letu, tulioshe. Likiandikwa walaji, mpimaji hawezi kuishia kwenye idadi ya magunia yaliyoshushwa bandarini. Itambidi aeleze walikula nini, kama maharage yalikuwa mapya au yalikaa ghalani mpaka yakawa magumu, na yalimaliza makaa kiasi gani kabla ya kuiva, kwa watu ambao makaa huyanunua.