Bongo na mtarakwa: Majirani wawili, hatari mbili tofauti

MAJI yanayoporomoka katika maporomoko ya Chania mjini Thika, sawa na yale ya Mto Ruiru, chimbuko lake ni milima ya Aberdare na misitu iliyo ukingoni mwake kusini. Humo huishi bongo wa milimani na mtarakwa. Bongo, wakazi wengi wa miji hiyo hawajapata kumwona. Mtarakwa wameuona, ila ukiwa nguzo ya ua.

Bongo ni swala mkubwa wa rangi ya kahawia nyekundu, mwenye mistari myeupe ubavuni; dume na jike wote wana pembe. Aina hii ya milimani haipatikani porini kwingineko duniani isipokuwa Kenya: Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Eburu. Waliosalia porini wanakadiriwa kuwa chini ya 100. Uwindaji wa kutumia mbwa na mitego ya nyaya, maradhi na ufyekaji wa misitu ndivyo vilivyowamaliza.

Mtarakwa, mti wa jamii ya misonobari, umeponzwa na ubora wake: mbao zake haziliwi na mchwa. Enzi ya ukoloni ulipasuliwa na kusafirishwa ng'ambo kutengenezewa penseli.

Katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, bongo huyo yumo katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini, ilhali mtarakwa haujahesabiwa kuwa hatarini. Utulivu huo wafaa kutiliwa shaka. Mwerezi wa Mlima Mulanje nchini Malawi, ambao nao ulipendwa kwa kustahimili mchwa, ulikatwa hadi miti mikubwa ikakaribia kwisha.

Ajabu ni kuwa bongo, aliye taabani zaidi, ana akiba: mamia hufugwa katika bustani za wanyama ng'ambo. Mnamo 2004, bongo 18 waliletwa Nanyuki kutoka Marekani, na Februari 2025 wakaja wengine 17. Jike hubeba mimba kwa takriban miezi tisa, akazaa ndama mmoja.

Mtarakwa hauna haraka hiyo. Huchukua miongo kadhaa kukomaa, na kwa kawaida mti dume na mti jike ni mbalimbali. Jike lililoachwa peke yake baada ya mengine kukatwa halizai mbegu.

Ua wa umeme wa takriban kilomita 400 kuizunguka Aberdare ulikamilika 2009. Ndani yake, bongo na mtarakwa wangali wanategemea msitu uleule.