Ufugaji wa nyigu vimelea

Ufugaji wa nyigu vimelea ni uzalishaji wa nyigu wadogo wasiodhuru watu, ambao hutaga mayai ndani ya wadudu waharibifu. Mabuu yao humla mdudu huyo, yaani mwenyeji, kutoka ndani hadi afe. Kwa wakulima wa Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara, wenye umuhimu zaidi ni maadui wa bungua, viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi na mtama.

Mashuhuri ni Cotesia flavipes, aliyeletwa Kenya kutoka Pakistani na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe na kuachiliwa pwani mwaka 1993, dhidi ya Chilo partellus, bungua mwenye asili ya Asia. Baadaye alionekana amestawi kaskazini mwa Tanzania pia. Jike huingia kwenye tundu la bua na kumchoma kiwavi humo humo.

Kumfuga nyigu ni kufuga wadudu wawili, na mwenyeji ndiye mwenye gharama. Ndiyo maana hutafutwa mwenyeji mbadala: Trichogramma, anayeshambulia mayai ya nondo, hukuzwa kwenye mayai ya nondo wa unga, anayelishwa pumba au unga tu. Viwavijeshi vamizi, waliogunduliwa nchini Tanzania mwaka 2017, kwa upande wao ni wenyeji wagumu kufugwa kwa wingi, kwa kuwa hulana wenyewe kwa wenyewe wakisongamana.

Si kila mwenyeji humfaa kila nyigu. Busseola fusca, bungua wa Afrika, huyazingira mayai ya C. flavipes kwa chembe za damu na kuyaua. Binamu wa kienyeji wa nyigu huyo, Cotesia sesamiae, ana makundi mawili: la Mombasa hushindwa ndani ya Busseola, la Kitale hukua vizuri.