Waliokiona Kimondo
Kwa muda mrefu wasomi wa Ulaya waliona rahisi kuamini kwamba mkulima amedanganywa na macho yake kuliko kuamini kwamba jiwe limeshuka kutoka angani. Mwaka 1492 jiwe la kilo 127 lilitua shambani karibu na mji wa Ensisheim, na wenyeji wakalihifadhi kanisani. Mwaka 1768 watu waliokuwa wakifanya kazi mashambani huko Lucé, Ufaransa, waliona jingine likidondoka. Mwanakemia Antoine Lavoisier na wenzake walilichunguza, wakasema ni jiwe la ardhini lililopigwa na radi.

Aliyegeuza mambo ni Ernst Chladni, Mjerumani aliyesomea sheria. Alikusanya maelezo ya watu walioona mipira ya moto ikikata anga, akayapima kama ushahidi wa mahakamani. Watu wasiojuana, wa nchi na karne tofauti, walieleza jambo lile lile. Mwaka 1794 akachapisha hoja yake: mawe haya yanatoka nje ya dunia. Wengi walimkejeli. Kisha tarehe 26 Aprili 1803 mawe yapatayo 3,000 yakamwagika L'Aigle, Normandy. Serikali ya Ufaransa ikamtuma mwanafizikia Jean-Baptiste Biot, naye, jambo ninalomheshimu kwalo hadi leo, akapita kijiji kwa kijiji akiwasikiliza walioona. Ripoti yake iliwanyamazisha wapinzani.

Moto ambao mashahidi hao waliuona angani ni matokeo ya kasi: jiwe linaloingia kwa zaidi ya kilomita 11 kwa sekunde huikandamiza hewa iliyo mbele yake hadi ikawaka, na uso wa jiwe ukayeyuka.

Afrika nayo ina mashahidi wake. Mbale, Uganda, tarehe 14 Agosti 1992, kipande kidogo cha kimondo kiligonga majani ya mgomba kikampiga mtoto kichwani, asiumie.

Tarehe 6 Oktoba 2008 darubini ya Arizona ililiona jiwe la takriban mita nne likiijia dunia. Hadi siku hiyo haikuwahi kutokea kimondo kijulikane kabla hakijafika. Kesho yake alfajiri liliwaka juu ya jangwa la Nubia, Sudan. Mahesabu yalionyesha njia yake, lakini Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum alianza kwa kuwauliza watu waliouona mwanga ule, wakiwemo wa stesheni ya reli iitwayo Almahata Sitta. Ndipo yeye, mwanaastronomia Peter Jenniskens na wanafunzi wakajipanga mstari, wakatembea wakikagua mchanga. Zaidi ya vipande 600 vimeokotwa huko, na vinabeba jina la stesheni hiyo.