Mpaka na Neno la Baraza

Katika nchi ya Wachaga, mpaka wa kihamba huonyeshwa kwa mmea uitwao sale. Mmea huo si ukuta, wala hauna miiba. Atakaye kuuvuka huuvuka. Nguvu yake imo katika mapatano ya watu, kwani aung'oaye huaibika mbele ya wazee. Ndivyo zilivyo pia jumuiya za mataifa, nasi twapenda kulieleza jambo hilo kwa historia ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika.

Umoja huo ulizaliwa Addis Ababa tarehe 25 Mei, 1963, nchi 32 zilipotia sahihi Mkataba wake. Haukuwa na jeshi wala mahakama. Hata hivyo, mwaka haujaisha, Algeria na Morocco zilipopigana jangwani, waliozipatanisha mjini Bamako walikuwa Waafrika wenyewe: Mfalme Haile Selassie na Rais Modibo Keita. Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi walilikubali pendekezo la Mwalimu Nyerere, kwamba kila nchi iiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Mipaka hiyo ilichorwa na wakoloni, nayo iligawa kabila moja, hata ukoo mmoja; Somalia na Morocco hazikuridhia. Lakini walio wengi waliona kwamba kuichora upya kungewasha moto usiochagua nyumba.

Azimio hilo likawa ngao ya wanyonge. Ngao hiyo ilijaribiwa kwetu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto ule ni ya Uganda. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, kiwanda cha sukari kikaporwa. Tanzania ilitazamia Umoja ulaani uvunjaji wa azimio la Cairo. Haukulaani, ulizitaka pande zote mbili zipatane, kana kwamba mvamizi na mwenye nyumba wana haki sawa. Tanzania ikajitetea, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili, 1979. Julai mwaka huo, mkutanoni Monrovia, baadhi ya wakuu waliilaumu kwa kuvuka mpaka.

Hatuwezi kusema kwamba lawama ile haikuwa na mzizi. Mkataba ulikataza nchi kuingilia mambo ya ndani ya nyingine, na heshima ya mpaka ndiyo tuliyoidai sisi wenyewe. Kosa la baraza lilikuwa kunyamaza kwanza na kusema baadaye. Sale ling'olewapo wazee wakatazama chini, mwenye shamba hushika panga. Na panga likishashikwa, ni vigumu kuamuru liishie wapi.

Umoja wa Afrika, ambao Sheria yake ya kuuanzisha ilitiwa sahihi Lomé mwaka 2000, nao ukazinduliwa Durban mwaka 2002, uliihifadhi kanuni ya mipaka. Lakini ulijipa pia haki ya kuingilia kati penye uhalifu wa kivita, mauaji ya halaiki na uhalifu dhidi ya binadamu. Maneno hayo ni mema. Yatakuwa na uzito iwapo yatatamkwa siku ile mnyonge anapoyahitaji, hata kama anayestahili kuambiwa ameketi katika baraza hilo hilo.