Mabasi Yaendayo Haraka Dar es Salaam: Barabara Ipo, Mabasi Je?

Mfanyabiashara anayeshuka Dar es Salaam kufungasha mzigo Kariakoo, awe ametoka Mbeya, Lusaka, Lubumbashi au Bujumbura, hawezi kuyakwepa mabasi yaendayo haraka, maarufu kama mwendokasi. Naye dereva wa lori anayetoka bandarini kuelekea Tunduma au Rusumo ameshaziona njia za mabasi hayo katikati ya barabara, na ataziona nyingi zaidi miaka ijayo.

Katika jiji hili wapo watu wanaofuatilia mwendokasi kama wengine wanavyofuatilia Simba na Yanga. Wanahesabu mabasi yanayopita kituoni, wanakumbuka ahadi ipi ilitolewa mwaka gani, na wakikutana ubishi hauishi. Wapo wanaosema kosa ni la wakala, wengine la kampuni ya uendeshaji, na wengine wanailaumu nauli. Makala haya yanakusanya mambo ya msingi ambayo ubishi huo unayagusa, ili msomaji mwenye mzigo na ratiba ajue anategemea nini.

NANI ANAFANYA NINI

Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, DART, ulianzishwa mwaka 2007 na upo chini ya TAMISEMI. Kazi yake ni kupanga njia, kusimamia huduma na kuingia mikataba na waendeshaji. Kampuni ya uendeshaji ndiyo yenye madereva, karakana na vipuri. Ujenzi wa barabara na vituo umesimamiwa na TANROADS. Nauli huidhinishwa na mdhibiti wa usafiri wa ardhini, ambaye tangu mwaka 2019 ni LATRA. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya SUMATRA.

Kwa hiyo basi lisipofika, sababu inaweza kuwa katika mlango wowote kati ya hiyo minne. Hapa ndipo ubishi mwingi unapopotea njia, kwa kuwa abiria aliyesimama kituoni anaona jina moja tu, mwendokasi.

AWAMU YA KWANZA

Awamu ya kwanza iligharimiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Dunia. Ina urefu wa kilomita 21 hivi, ikianzia Kimara na kufuata Barabara ya Morogoro hadi Kivukoni, ikiwa na matawi ya Morocco na Gerezani, Kariakoo. Ilijengwa ikiwa na vituo 27 na vituo vikuu vitano. Huduma ilianza Mei 2016, na mradi ulizinduliwa rasmi na Rais John Magufuli Januari 2017.

Mafanikio yake hayapaswi kubezwa. Safari ya Kimara hadi mjini, ambayo kwa daladala iliweza kula saa mbili za asubuhi, ilishuka hadi chini ya saa moja. Dar es Salaam ikapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, ikiwa jiji la kwanza barani Afrika kuipata. Nauli zilizoanza mwaka 2016 zilikuwa Sh 400 kwa njia mlishi, Sh 650 kwa njia kuu, na Sh 800 kwa abiria anayetumia zote mbili.

HESABU YA 305 NA 140

Awamu ya kwanza ilipangwa kuwa na mabasi 305. Huduma ilianza na mabasi 140, yaani 101 ya mita 12 na 39 marefu ya mita 18 yenye kiungio katikati. Utaratibu huo uliitwa huduma ya mpito. Mwendeshaji wake, UDART, aliundwa na kampuni ya UDA pamoja na vyama vya wenye daladala, na baadaye Serikali ikawa mwanahisa mkuu.

Ili kuona pengo hilo lina maana gani kituoni, tufanye hesabu rahisi ya mfano. Tuseme basi linatumia dakika 120 kwenda na kurudi, pamoja na kugeuza. Njia ikiwa na mabasi 40, basi moja litapita kila baada ya dakika tatu. Yakibaki 20 kwa sababu mengine yako karakana, abiria atasubiri dakika sita.

Kusubiri dakika sita si tatizo kubwa. Tatizo ni nafasi. Kila baada ya dakika tatu ni mabasi 20 kwa saa, na kwa basi refu linalobeba watu 150 hiyo ni nafasi ya watu 3,000. Kila baada ya dakika sita ni mabasi 10, yaani watu 1,500. Kama watu 3,000 wamekuja kituoni saa hiyo, nusu yao wataikuta saa inayofuata wakiwa bado wamesimama, na wengine 3,000 wanakuja. Ndiyo sababu abiria wa Kimara anaweza kuona mabasi matatu yakipita yamejaa, ilhali njia yenyewe iko wazi na lami ni safi.

Kiuchumi, barabara ni mtaji ulioishia ardhini. Faida yake inaonekana pale tu mabasi ya kutosha yanapopita juu yake. Hilo ndilo jambo linalopaswa kupimwa kwanza.

MABASI 70 YALIYOKWAMA BANDARINI

Wasomaji wanaoagiza bidhaa wataelewa vizuri kisa hiki. Mwaka 2018 mabasi mengine 70 yaliyokusudiwa kupunguza pengo yalikuwa tayari yameteremshwa Bandari ya Dar es Salaam. Hayakutoka kwa wakati, kwa sababu ya mvutano kuhusu kodi za forodha. Yakakaa bandarini muda mrefu huku abiria wakigombea milango ya mabasi yaliyokuwepo.

Anayejua gharama za kuhifadhi kontena moja bandarini kwa wiki kadhaa anaweza kukisia hasara ya mabasi 70. Suala la kodi lilipaswa kumalizwa kwa maandishi kabla meli haijang'oa nanga, kama ambavyo mwagizaji makini humaliza na wakala wake wa forodha.

MAJI YA JANGWANI

Pigo jingine lilitoka mtoni. Karakana kuu ya awamu ya kwanza ilijengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, eneo linalojulikana kwa mafuriko tangu zamani. Mvua kubwa zikinyesha, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani na safari za Kivukoni na Gerezani hukatwa. Katika mafuriko ya mwaka 2018 maji yaliingia karakana na kuharibu mabasi kadhaa.

Dawa iliyopangwa ni mradi wa uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2022. Ndani yake kuna daraja jipya la Jangwani na kuhamishwa kwa karakana. Hadi kazi hiyo ikamilike, mfanyabiashara anayekuja Kariakoo miezi ya Machi hadi Mei aweke siku moja ya akiba katika ratiba yake.

AWAMU ZINAZOFUATA

Mpango mzima una awamu sita. Zinazowahusu zaidi wasomaji wa ukurasa huu ni hizi:

Awamu ya pili, Barabara ya Kilwa hadi Mbagala. Ina urefu wa kilomita 20.3 na imegharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Njia ilitangulia, mabasi yakachelewa. Huduma ilianza Oktoba 2025 kwa mabasi yanayotumia gesi asilia, chini ya kampuni binafsi ya Mofat.

Awamu ya tatu, Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto. Inapita eneo la viwanda na kuelekea uwanja wa ndege.

Awamu ya nne, Barabara ya Bagamoyo kuelekea Tegeta.

Awamu ya tano, Barabara ya Mandela. Wasafirishaji waiangalie hii kwa makini kuliko zote. Mandela ndiyo inayoyatoa malori bandarini, kupitia Tazara na Buguruni, hadi Ubungo na Barabara ya Morogoro. Ujenzi ukianza humo, foleni itagusa mzigo wa Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja.

Aidha, bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani, iliyozinduliwa Julai 31, 2025, imekusudiwa kupunguza makontena yanayovuka jiji kwa barabara. Kwa msafirishaji, mipango ya Kwala na ya Mandela isomwe pamoja.

NANI AENDESHE?

Hapa ubishi ni mkali zaidi. Upande mmoja unasema mwendeshaji mmoja asiye na mshindani hana sababu ya kuhangaika, na kwamba kampuni binafsi zinazolipwa kwa kilomita na kutozwa faini basi lisipotokea zingefanya vizuri. Upande wa pili unajibu kwamba mwaka 2016 mwendeshaji aliomba nauli ya juu kuliko iliyoidhinishwa, na kwamba hakuna kampuni, ya umma wala binafsi, itakayonunua vipuri kwa nauli isiyolipia vipuri.

Wote wana hoja. Nauli ndogo inamlinda mama ntilie na mchuuzi wa Kariakoo, lakini kinachopungua kwenye nauli lazima kilipwe mahali. Kama Serikali hailipi tofauti hiyo waziwazi, basi hulipwa na matairi yasiyobadilishwa na mabasi yanayoegeshwa. Mwisho wa yote abiria aliyeokoa Sh 200 za nauli huongeza Sh 3,000 au zaidi za bodaboda baada ya kusubiri bure. Kuingia kwa kampuni binafsi njia ya Mbagala kumeleta kipimo cha kulinganisha, ila mkataba usipotaja idadi ya mabasi yanayotakiwa barabarani kila saa, kubadili jina la mwendeshaji hakutabadili foleni ya kituoni.

Ikumbukwe pia kuwa mali hii inaharibika kirahisi. Katika vurugu za siku ya Uchaguzi Mkuu, Oktoba 29, 2025, vituo na miundombinu ya mwendokasi viliharibiwa na huduma ikasimama. Njia mbadala siku kama hizo ni daladala, bajaji na miguu.

KWA MAJIRANI

Nairobi ilianzisha mamlaka yake ya usafiri, NaMATA, mwaka 2017. Mwaka 2018 mstari mwekundu ulipakwa kwenye Barabara ya Thika kuonyesha njia ya mabasi ya haraka. Mstari ulitangulia, mabasi hayakufuata, matatu zikaendelea na kazi.

Kigali ilianza upande mwingine. Mwaka 2013 iligawa jiji katika kanda na kuzipa kampuni tatu mikataba, kisha ikaleta malipo kwa kadi. Hata hivyo mabasi yalipopungua foleni zilirudi, na mwishoni mwa mwaka 2023 Serikali ya Rwanda ilianza kupokea mabasi chini ya mpango wa mabasi 200. Miji mitatu imepita njia tatu tofauti, na yote imegota kwenye idadi ya mabasi.

MAMBO YA KUZINGATIA

Anayekuja Kariakoo kwa basi la mikoani au la nje ya nchi ajue kuwa kituo kikuu hakipo tena Ubungo. Tangu mwaka 2021 ni Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, ambacho kiko mbele ya Kimara ukitoka mjini. Panga kufika Kimara kwanza, kisha panda basi la Gerezani ukitaka Kariakoo, au la Kivukoni ukitaka feri na ofisi za mjini.

Kwenda sokoni, kwepa saa 12 hadi saa 3 asubuhi kuelekea mjini, na saa 10 hadi saa 2 usiku kurudi Kimara. Katikati ya mchana mwendokasi bado ni njia ya haraka kuliko gari dogo.

Mwendokasi si basi la mizigo. Mtu mwenye robota la vitenge atumie kirikuu au Fuso, na gharama hiyo aiweke kwenye bei ya bidhaa tangu mwanzo.

Dereva wa lori asiingie njia ya mabasi hata foleni ikiwa ndefu kiasi gani. Ni kosa, na basi refu lililojaa watu halisimami ghafla.

Wanaofungua maduka Ubungo, ambako Kituo cha Biashara na Usafirishaji cha Afrika Mashariki kilizinduliwa Agosti 1, 2025 kwenye eneo la stendi ya zamani, wafanye jambo moja kabla ya kusaini mkataba wa pango. Wasimame kituo cha Ubungo saa moja ya asubuhi na saa moja ya jioni, wahesabu mabasi yaliyopita na yaliyokuwa na nafasi. Wateja na wafanyakazi wao watafika kwa mabasi hayo.

Ukisikia mpango mpya umetangazwa, usiulize kwanza una kilomita ngapi. Uliza mabasi ni mangapi, yataingia nchini lini, kodi yake imemalizwa na nani, na yatalala karakana ipi wakati wa mvua. Majibu ya maswali hayo manne ndiyo yatakayokuambia kama utafika Kariakoo kabla duka halijafungwa.